Kufuli linalinda data. Kufuli lenyewe linalindwa na nani?

#1 Mzizi wa Mbuyu

Wakuu, salaam.

Nasimamia programu ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa mtaani kwetu, niliiandika mwenyewe. Wiki iliyopita mweka hazina kanipigia saa mbili usiku: daftari na kompyuta havilingani. Nikakaa na rekodi za seva mpaka usiku wa manane, nikakuta hivi. Salio lilikuwa 340,000. Mama mmoja kaweka 20,000, mwingine kaweka 50,000, ndani ya sekunde ile ile. Uzi wa kwanza wa programu, yaani mkondo mmoja wa kazi kati ya inayokwenda sambamba, ukasoma 340,000. Kabla haujaandika, uzi wa pili nao ukasoma 340,000. Wa kwanza ukaandika 360,000. Wa pili ukaandika 390,000 juu yake. Elfu ishirini ya mama wa watu imeyeyuka na mwizi hayupo.

Nimeweka kufuli. Anayetaka kugusa salio alikute kufuli liko wazi, alifunge, afanye kazi yake, alifungue. Hesabu sasa zinakaa sawa.

Lakini usingizi umekataa. Kufuli lenyewe si namba tu kwenye kumbukumbu, 0 wazi, 1 limefungwa? Basi nyuzi mbili zikisoma 0 kwa pamoja, zote zinaandika 1 na zote zinaingia. Ni ugonjwa ule ule, nimeuhamisha tu kutoka kwenye salio kwenda kwenye kufuli.

Sasa kufuli linalindwa na nani? Na huyo mlinzi naye analindwa na nani? Naomba nieleweshwe mpaka chini kabisa.

#2 Mkaa Chonjo

Naweka kambi hapa. Wajuvi njooni.

#3 Fundi Saa

Mkuu, jibu ni fupi. Prosesa ina amri maalumu inayosoma na kuandika kwa pigo moja. Unaiambia: weka 1 hapo, na unirudishie kilichokuwepo. Ukirudishiwa 0, kufuli ni lako. Ukirudishiwa 1, mwenzako kakutangulia, zunguka ujaribu tena. Katikati ya kusoma na kuandika hakuna nafasi ya mtu kupenya, kwa sababu kiini kile cha prosesa kinaishikilia ile sehemu ya kumbukumbu kwenye kashe yake, kumbukumbu ndogo ya ndani, hadi amri iishe.

Mlinzi wa kufuli ni chuma. Bila amri hiyo haiwezekani.

#4 BintiKilwa

Fundi Saa, mwanzo umepiga mle mle, mwisho umeteleza. Inawezekana kwa kusoma na kuandika kwa kawaida tu, na imejulikana hivyo tangu kabla sisi wengi humu hatujazaliwa. Dekker, Mholanzi, aliipatia njia ya michakato miwili, yaani programu mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja. Mwaka 1965 Dijkstra akachapisha ya michakato mingi kiasi chochote, makala ya ukurasa mmoja. Nzuri kupita zote ni ya Peterson ya 1981, maana inaingia kichwani hata kwa mtoto.

Mzizi, chukua Juma na Asha na mlango mwembamba. Kila mmoja ana kibao chake, na katikati kipo kibao kimoja cha wote. Anayetaka kupita anafanya mambo mawili, kwa mpangilio huu huu. Kwanza anaandika kwenye kibao chake "nataka kupita". Halafu kwenye kibao cha wote anaandika jina la mwenzake, yaani "tangulia wewe". Kisha anatazama. Ikiwa mwenzake naye anataka, na jina lililoko katikati ni la huyo mwenzake, anasubiri. Vinginevyo anapita. Akishatoka anafuta "nataka" yake.

Sasa waje kwa pamoja. Juma kaandika "Asha, tangulia". Asha kaandika "Juma, tangulia". Kibao kinabaki na jina moja tu, lililoandikwa mwisho. Kama Asha ndiye wa mwisho, limebaki la Juma, basi Juma anapita na Asha anasubiri. Anayesema "tangulia wewe" mwisho ndiye anayebaki nje. Hawaingii wote wawili, na hawakwami wote wawili.

#5 Tangulia254

Hii nimeipenda. Ni adabu ya nyumbani kabisa. Halafu jina langu mmelitumia bila kunilipa.

#6 Karani wa Reli

Marehemu mzee wangu alikuwa mtu wa reli, niruhusuni niseme. Njia ya treni ikiwa moja, treni hupishana stesheni tu. Dereva haingii kipande cha njia bila kibali, na kibali cha kipande kile ni kimoja. Hicho ndicho alichokichukua Dijkstra: semafori, jina la ile alama ya mkono kando ya reli. Namba moja, na vitendo viwili, P na V. P unapunguza, na kama ni sifuri unalala mpaka mtu akuamshe. V unaongeza na kumwamsha aliyelala. Herufi zinatoka Kiholanzi, V ni *verhogen*, kupandisha, na P ni *proberen*, kujaribu.

Alifanya kazi Eindhoven, Uholanzi, na mfumo endeshi wao wa kompyuta, THE, ulijengwa juu ya semafori hizo.

#7 BintiKilwa

Asante Karani. V uko sahihi. P Dijkstra mwenyewe aliitoa kwenye *prolaag*, neno alilolibuni mwenyewe kwa kufupisha "jaribu kushusha". Ndiyo maana kila kitabu kina asili yake ya hiyo P.

Ila semafori haijamjibu mwenye uzi huu wa mjadala. Hiyo namba inayopunguzwa nayo ni namba kwenye kumbukumbu, lazima ipunguzwe kwa pigo moja. Tumerudi pale pale.

#8 Fundi Saa

Na wewe Binti bado hujamjibu. Kibao chako cha katikati kinaandikwa na watu wawili. Wakiandika kwa nukta ile ile, nani kaandika mwisho? Unasema "wa mwisho" kana kwamba wa mwisho yupo siku zote. Yupo kwa sababu saketi ya kumbukumbu inawapanga foleni, mmoja mmoja. Kwa hiyo mlinzi bado ni chuma, umemficha tu nyuma ya kibao.

La pili ni zito zaidi. Peterson wa kwenye karatasi hafanyi kazi kwenye kompyuta yako ya leo ukiiandika vile vile. Prosesa ikiandika, maandishi hayaendi moja kwa moja kwenye kumbukumbu, yanakaa kwanza kwenye bafa yake, yaani sehemu ya kungojea. Wakati yamekaa pale, yenyewe inaendelea mbele na kusoma. Juma kaandika "nataka", imo mfukoni mwake bado. Asha vile vile. Juma anasoma kibao cha Asha: kitupu. Asha anasoma cha Juma: kitupu. Wote wanapita. Prosesa za x86, zilizo kwenye kompyuta nyingi za mezani, zinaruhusiwa kufanya hivyo kabisa: usomaji kutangulia uandishi uliokuja kabla yake, mradi ni sehemu tofauti za kumbukumbu. Lazima uweke uzio wa kumbukumbu kati ya kuandika na kusoma, yaani amri inayoilazimisha prosesa ifikishe maandishi kwanza ndipo isome.

#9 BintiKilwa

La pili nakubali, nilipaswa kulisema. La kwanza sikubali, ila namwachia mwingine maana nipo kazini.

#10 Ndoo ya Tatu

Nalichukua mimi, na jina langu litanisaidia.

Nimekulia mtaa wenye bomba moja. Maji yalikuwa yanakuja usiku, na hakuna aliyesimama foleni kwa miguu. Unapanga ndoo, unarudi kulala. Ndoo ndiyo wewe. Hakukuwa na karani wa kugawa namba. Kila mtu akifika anatazama ndoo zilizopo, anaweka yake nyuma ya ya mwisho.

Lamport alitoa njia ya namna hii mwaka 1974, akaiita ya duka la mikate, wanakochukua namba. Tofauti na dukani, kwake hakuna mashine ya kutoa namba. Kila mchakato una kisanduku chake, na hakuna mwingine anayeandika humo. Ukitaka zamu, unainua alama ya "nachagua", unasoma namba za wote, unajiandikia iliyo kubwa kuliko zote jumlisha moja, unashusha alama. Halafu unawapitia wenzako mmoja mmoja. Anayechagua unamngoja amalize, mwenye namba ndogo kuliko yako unamngoja apite. Mkilingana namba, na mnaweza kulingana kwa kuwa mlisoma pamoja, anatangulia mwenye jina dogo kwa mpangilio mliokubaliana.

Fundi Saa, hapo hakuna kibao kinachoandikwa na wawili. Na la ajabu ni hili: mimi nikisoma kisanduku chako wakati wewe bado unaandika, naweza kusoma upuuzi mtupu. Ilikuwa 3, inakuwa 8, mimi nasoma 51. Njia haivunjiki. Kwa hiyo haidai hata kusoma na kuandika kuwe kwa pigo moja. Ule mnyororo wa walinzi wa walinzi umekatika hapo.

#11 Mzizi wa Mbuyu

Ndoo ya Tatu, ubarikiwe. Nimesoma mara tatu. Kwa nini ile alama ya "nachagua" inahitajika? Nikiiondoa kuna ubaya gani?

#12 Ndoo ya Tatu

Iondoe uone. Mimi na wewe tumesoma pamoja, wote tumeona kubwa ni 4, wote tunataka kuandika 5. Mimi jina langu liko mbele kwa mpangilio, lakini kabla sijaandika nimekatizwa, kisanduku changu bado ni 0, maana yake "sitaki". Wewe unaandika 5, unanikagua, unaona sitaki, unaingia. Naamka, naandika 5. Nakukagua: tumelingana, jina langu linatangulia, naingia. Tumo ndani wawili. Alama ile ndiyo inayokuambia "huyu yuko njiani, mngoje".

#13 Tangulia254

Nauliza kama mtu wa kazi ya kila siku: kwa nini mnagombania salio moja? Huku tunaandika kwa Erlang, lugha ya programu. Kila mchakato una vyake, hakuna anayegusa vya mwenzake. Ukitaka kitu unatuma ujumbe. Salio likae kwa mchakato mmoja tu, wengine wamtumie "ongeza 20,000", "ongeza 50,000". Yeye anazisoma moja moja. Hakuna kufuli, hakuna usingizi kukatika.

Hoare alilisema hili 1978 na CSP, nadharia yake ya michakato inayowasiliana, na kwake ni kali zaidi kwa sababu hakuna hata sanduku la barua. Anayetuma na anayepokea lazima wakutane. Ni kama hodi. Ukibisha hodi huingii. Unasimama mlangoni mpaka wa ndani aseme karibu. Naye wa ndani anayengoja mgeni hafanyi lolote mpaka hodi ipigwe. Hodi na karibu zikikutana, hapo ndipo wote wawili wanaendelea. Milner naye kajenga hesabu nzima ya mambo haya, CCS ya 1980, ambamo kitendo cha msingi kabisa ni huko kukutana.

#14 Fundi Saa

Tangulia, barua mbili zikifika kwa pamoja kwenye sanduku la huyo mtunza salio, nani anazipanga? Aliyeandika Erlang kaweka kufuli humo ndani kwa niaba yako. Wewe humwoni tu.

#15 Tangulia254

Hilo ni kweli kwa mashine moja. Ila kwa nadharia umeligeuza. Milner hakuanza na kumbukumbu ya pamoja kisha akajenga ujumbe juu yake. Kwake hata kisanduku cha kumbukumbu ni mchakato, unaoongea na wengine: "nipe thamani", "pokea thamani". Kipi kiko chini ya kingine kinategemea umeanzia wapi. Wewe umeanzia kwenye chuma kwa sababu ndicho unachokishika mkononi.

#16 Mkaa Chonjo

Uzi unazungumzia nyuzi. Nimeongeza sufuria ya chai.

#17 Mwalimu wa Saketi

Nimechelewa, nilikuwa darasani. Nimefundisha elektroniki muda mrefu, naona wote mnasimama hatua moja kabla ya shimo.

Ndoo ya Tatu anasema usomaji unaweza kutoa upuuzi na njia isivunjike. Sawa. Lakini bado anadai usomaji utoe *kitu*, 0 au 1, hata kama ni cha uongo. Flipu-flopu, saketi ndogo inayoshika 0 au 1, ikipokea badiliko kwenye nukta ile ile ya pigo la saa ya kompyuta, inaweza kutochagua. Inasimama katikati kama mpira juu ya tuta, volti si ya juu wala ya chini. Itaanguka upande mmoja, lakini lini haijulikani. Tena wakati imesimama hapo, saketi moja inaweza kuisoma kuwa 0 na jirani yake akaisoma kuwa 1. Chaney na Molnar walichapisha 1973 picha za osiloskopu, kifaa cha kuchora volti, zinazoonyesha jambo hili, wakati wahandisi wengi walikuwa hawalikubali.

Na haina tiba kamili. Huwezi kujenga mwamuzi anayeamua "nani kawahi" kwa usahihi na ndani ya muda uliowekewa kikomo. Tunachofanya ni kuweka flipu-flopu mbili mfululizo, ili ya kwanza ipate muda wa kuanguka. Kila ukiongeza muda, uwezekano wa kukwama unashuka kwa kasi sana. Hauishi.

Kwa hiyo Mzizi, ukiniuliza mimi, chini kabisa hakuna mlinzi. Kuna uwezekano mdogo sana ambao tumekubaliana kuishi nao.

#18 Mzizi wa Mbuyu

Mwalimu, hii imenishtua. Maana nilidhani chini kabisa kuna sakafu.

#19 BintiKilwa

Nimetoka kazini. Mwalimu, fizikia yako ni sahihi, ila hitimisho lako limepita kiasi. Rudia ulichosema: hakuna mwamuzi mwenye usahihi *na* kikomo cha muda. Ondoa kikomo cha muda, mwamuzi yupo. Sasa tazama Peterson na Lamport walichoahidi. Waliahidi kwamba wawili hawataingia pamoja, na kwamba mwisho wa yote mtu ataingia. Hawakuahidi sekunde ngapi. Yule anayezunguka akisubiri anaumeza ule muda usiojulikana. Ukijenga saketi inayosubiri mpaka mpira uanguke ndipo itoe jibu, usalama unabaki mzima. Wanaoingia hatarini ni wanaolazimisha jibu kila pigo la saa.

#20 Mwalimu wa Saketi

Na kompyuta zote unazozitumia zinalazimisha jibu kila pigo la saa. Hatujatofautiana sana, Binti. Wewe unazungumzia karatasi, mimi nazungumzia bodi iliyoko mezani.

#21 Mtu wa Usiku

Naona wote mmekubali jambo moja bila kulihoji: kwamba lazima watu wasubiriane. Mimi lilinipata. Mfumo niliokuwa nausimamia zamu ya usiku, mchakato mmoja ulishika kufuli ukafa nalo. Haukuanguka kwa kelele, umekufa kimya. Waliofuata wote wakapanga foleni. Saa tisa usiku natazama skrini, michakato mia moja na kitu iko hai, hakuna unaosogea, na mwenye ufunguo ni maiti. Kufuli lenyewe lilifanya kazi yake vizuri kabisa.

Tangu hapo nikaanza kumsoma Herlihy, makala yake ya 1991. Swali lake si "nani aingie", ni "tunaweza kukubaliana bila yeyote kumngoja mwenzake?" Jibu lake linamgusa kila mmoja humu. Kwa kusoma na kuandika tu, hata wawili hawawezi. Peterson anaweza kufunga mlango, lakini hawezi kukupa makubaliano yasiyo na kusubiri. Ile amri ya Fundi Saa ya jaribu-na-weka inaweza kwa wawili, ikifika watatu inashindwa. Foleni ya pamoja, hivyo hivyo, wawili tu. Amri ya linganisha-na-badilisha, ile ya "kama bado ni 340,000 weka 360,000, kama si hivyo niambie", hiyo inaweza kwa idadi yoyote.

Kwa hiyo Fundi Saa aliposema "bila amri haiwezekani" na Binti akasema "inawezekana", walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti.

#22 Fundi Saa

Hii sikuijua kabisa, kwamba jaribu-na-weka inakwama kwa watatu. Nashukuru. Nimeandika hiyo amri miaka yote nikidhani zote ni ndugu sawa.

#23 Karani wa Reli

Swali dogo la mtu wa pembeni. Vipi yule anayesubiri milele kwa sababu wengine wanamruka kila mara? Mzee alikuwa anasimulia treni ya mizigo kukaa stesheni mchana kutwa, abiria wanapishwa kwanza.

#24 BintiKilwa

Hiyo inaitwa njaa, na ndiyo kasoro aliyoionyesha Knuth mwaka 1966 kwenye njia ile ile ya Dijkstra ya ukurasa mmoja: wawili hawaingii pamoja, lakini mmoja anaweza kurukwa bila mwisho. Ndoo za Lamport hazina njaa, aliyetangulia kupanga anatangulia kuchota.

#25 Ndoo ya Tatu

Na treni ya mizigo ya mzee wako ina ndugu yake kwenye sayari ya Mars. Pathfinder, chombo cha NASA, ilitua huko 4 Julai 1997, siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Kazi ya daraja la chini, ya vipimo vya hali ya hewa, ilishika kufuli. Kazi ya daraja la juu ikalihitaji, ikasubiri. Kazi za daraja la kati, zisizolihitaji kabisa, zikawa zinaikatiza ile ya chini isimalize. Mkubwa akawa anangoja wa kati bila hata kudaiana naye. Mlinzi wa muda akaona mkubwa hajamaliza, akazima mtambo. Tiba ilikuwa kubadili mpangilio mmoja kutoka duniani: mwenye kufuli arithi daraja la anayemngoja, amalize upesi, ashuke.

#26 Tangulia254

Mtu wa Usiku, nirudi kwa maiti wako mwenye ufunguo. Kwenye ujumbe tuna msiba wetu, na hodi inauonyesha vizuri. Umebisha mara tatu, kimya. Ustaarabu ni kugeuka urudi. Lakini wa ndani kafa, au yuko uani anafua na anakuja polepole? Ukiwa mlangoni hujui. Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha 1985 kwamba kama ujumbe hauna kikomo cha kuchelewa, na hata mmoja tu anaweza kufa, hakuna njia isiyo ya bahati nasibu itakayohakikisha wote waliobaki wanafikia uamuzi mmoja.

#27 Mtu wa Usiku

Ndiyo, na uthibitisho wa Herlihy kwa rejista, yaani visanduku vya kusoma na kuandika tu, unatoka ukoo huo huo. Hapo chuma na barua vinakutana.

#28 Mzizi wa Mbuyu

Wakuu, nimerudi na vitu mkononi.

Kwanza, elfu ishirini ya yule mama imerudi kwenye salio na mweka hazina kasaini. Nimeacha kusoma salio na kuliandika upya. Sasa naiambia hifadhidata "ongeza 20,000" kwa amri moja, kupanga foleni ni kazi yake.

Pili, jana usiku nimemjaribu Peterson. Nyuzi mbili, kila moja inaongeza moja mara milioni moja. Bila ulinzi wowote nilipata 1,214,806. Kwa Peterson wa kwenye karatasi, bila uzio, nikapata 1,999,981. Kumi na tisa! Nikarudia, nikapata 1,999,994. Ningejaribu mara mia tu ningesema ni salama. Nimeweka uzio mmoja kabla ya kusoma kibao cha mwenzake, nimeendesha usiku kucha, kila mara 2,000,000.

Mwalimu, lile shimo lako sijaliona kwenye namba, lakini nimelala nikilifikiria.

#29 Fundi Saa

Kazi safi mkuu. Hizo kumi na tisa ndizo bafa nilizokuambia. Sasa ichukue programu hiyo hiyo uiendeshe kwenye simu. Prosesa za simu nyingi ni ARM, nazo zinapangua mpangilio zaidi ya x86. Uzio mmoja hautoshi hapo, weka pia pale unapoingia na pale unapofuta "nataka". Ondoa mmoja mmoja uone unapovunjika.

#30 Mzizi wa Mbuyu

Simu ipo kwenye chaji. Naleta namba kesho.